Kurejesha Makazi ya Samoni: Mwongozo wa Kazi za Uwandani Kutoka Kijitoni Hadi Ufukweni Puget Sound

Samoni wa Bahari ya Pasifiki huanguliwa katika changarawe za kijito chenye maji baridi, hushuka baharini angali mdogo wa kulala kiganjani, hukaa huko kati ya mwaka mmoja na mitano hivi kutegemea aina yake, kisha hurudi katika mto uleule alikozaliwa ili atage na kufa. Kwa hiyo makazi yake ni njia ndefu inayoanzia vijito vya milimani na kuishia kwenye mlango wa mto na fukwe za ghuba, na njia hiyo ikikatika mahali pamoja, uzuri wa mahali pengine haumfai kitu.

Mwongozo huu unahusu ghuba ya Puget Sound katika jimbo la Washington, Marekani, ambako samoni wa Chinook waliorodheshwa mwaka 1999 kuwa wako hatarini chini ya sheria ya shirikisho, na ambako nyangumi aina ya orka wanaowategemea samoni hao kwa chakula waliorodheshwa mwaka 2005. Umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeanza kazi hii, awe wa kujitolea siku za Jumamosi au kijana aliyejiunga na kikosi cha Washington Conservation Corps, ambacho huajiri hasa vijana wa miaka 18 hadi 25. Watu wengi wazungumzao Kiswahili wamehamia Kent na Tukwila, kusini mwa Seattle, na mto Green, ambao ukifika chini huitwa Duwamish, hupita katikati ya miji hiyo. Kazi inayoelezwa hapa wanaweza kuifanya bila kusafiri mbali.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali njia ilipokatika

Kabla ya kushika jembe, tembea kando ya kijito kutoka chini kwenda juu mwishoni mwa kiangazi, wakati maji yamepungua na kila kasoro inaonekana. Watu wengi huanza na kupanda miti kwa sababu ni kazi inayopendeza kwenye picha, lakini miti iliyopandwa upande wa juu wa kizuizi ambacho samaki hawezi kukivuka itawafaa ndege zaidi ya samaki.

Anza na kizuizi chenyewe, ambacho mara nyingi ni kalavati lililopita chini ya barabara. Kalavati jembamba huyafanya maji yaende kasi kuliko nguvu za samaki, na baada ya miaka maji hayo huchimba shimo upande wa chini hadi mdomo wa bomba ukabaki ukining'inia hewani. Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Washington hulihesabu kalavati kuwa kizuizi ikiwa tofauti ya kimo cha maji kwenye mdomo huo inafika sentimita 24, kwa sababu hata kama samoni mkubwa ataruka zaidi ya hapo, mdogo anayetafuta maji ya kujificha wakati wa baridi hataweza. Pima kwa rula, piga picha pande zote mbili, andika mahali penyewe, kisha peleka taarifa kwa idara au kwa kikundi kinachosimamia mto huo.

Baada ya hapo pima joto. Kipimajoto kidogo cha kujirekodi huwekwa ndani ya bomba fupi la plastiki lenye matundu ili jua lisikipige, hufungwa kwa waya kwenye jiwe au mzizi katika maji yanayokwenda, na huachwa kuanzia Juni hadi Septemba. Kiwango cha jimbo kwa makazi muhimu ya samoni wakati wa kiangazi ni nyuzi 16 za Selsiasi, na mahali pa kutagia ni nyuzi 13, kikihesabiwa kwa wastani wa vilele vya joto vya siku saba mfululizo. Kipimo kimoja cha saa sita mchana hakitakuambia lolote la kutegemewa.

Chunguza pia changarawe, lakini fanya hivyo kiangazi tu, wakati hakuna mayai ndani yake. Ingiza mkono na uzikoroge: wingu zito la tope likitoka, jua kwamba mayai yatakayozikwa hapo yatakosa hewa, maana yai la samoni hupumua kwa maji yanayopenya kati ya mawe. Chanzo cha tope hilo huwa juu zaidi, kwenye ukingo uliobomoka, barabara ya udongo au shamba lisilo na miti, na huko ndiko kwenye kazi.

Kuna kasoro moja ambayo jicho haliioni. Kwa miaka mingi samoni aina ya koho walikuwa wakifa katika vijito vya mijini saa chache baada ya mvua za vuli, kabla ya kutaga, na sababu haikujulikana hadi mwaka 2020, watafiti walipoitambua kemikali iitwayo 6PPD-kwinoni, ambayo huzaliwa pale kinga inayotiwa kwenye mpira wa matairi inapokutana na ozoni ya hewani. Vumbi la matairi husombwa na mvua kutoka barabarani hadi mtoni. Kama kijito chako kiko chini ya barabara kubwa, dawa yake ya kwanza ni bustani ya mvua, yaani kidimbwi kifupi chenye mchanga na mboji ambacho huyachuja maji ya barabara kabla hayajaingia kijitoni. Majaribio yameonyesha kwamba koho huishi katika maji yaliyochujwa kwa njia hiyo. Miti ya ukingoni peke yake haitaizuia sumu inayoingia kwa bomba.

Hatua ya pili: vibali, na wenye mto

Mtu yeyote anayegusa sakafu au ukingo wa mto katika jimbo hili anahitaji kibali cha Idara ya Samaki na Wanyamapori, na kazi za ndani ya maji huruhusiwa katika kipindi maalumu cha kiangazi, kinachotofautiana mto kwa mto, ambapo mayai na vifaranga hawamo changaraweni au ni wachache. Mtu wa kujitolea haombi kibali hicho mwenyewe; hata hivyo ni haki yake kumuuliza kiongozi wa kazi kama kipo.

Jambo zito zaidi ni la mataifa ya asili, yaani wenyeji wa kale wa eneo hili. Kwa mikataba ya miaka ya 1854 na 1855 yalitoa ardhi na kubakiza haki ya kuvua katika maeneo yao ya jadi, na hukumu ya Jaji George Boldt ya mwaka 1974 ilithibitisha kwamba haki hiyo ni nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa na kwamba mataifa hayo ni wasimamizi wenza wa samaki pamoja na jimbo. Kutokana na msingi huohuo, mahakama iliiamuru serikali ya jimbo iondoe makalavati yake yanayozuia samoni, na Mahakama Kuu ya Marekani iliiacha amri hiyo isimame mwaka 2018. Haya nayaeleza kwa sababu wageni wengi huingia mtoni wakidhani wanawafundisha wenyeji uhifadhi. Ukichimba shimo la mche ukakuta mkusanyiko wa makombe ya kale, mfupa au jiwe lililochongwa, acha kuchimba, usikichukue kitu, na umwite kiongozi papo hapo.

Hatua ya tatu: mwili na vifaa

Msimu wa kupanda ni msimu wa mvua na baridi, kwa hiyo vaa sufu au kitambaa cha sintetiki ndani na koti lisilopitisha maji nje. Pamba ikilowa humnyang'anya mtu joto hadi akaanza kutetemeka na kuchanganyikiwa. Fanyeni kazi wawili wawili, na usiingie maji ya kasi yanayopita magoti. Kabla ya kuhama kutoka kijito kimoja kwenda kingine, sugua tope lote kwenye buti kwa brashi na uzikaushe kabisa, kwa kuwa konokono wadogo wa tope kutoka New Zealand husafiri kwenye nyayo za watu walewale wanaokuja kuutibu mto.

Hatua ya nne: ondoa magugu kabla ya kupanda

Adui mkubwa wa kingo za Puget Sound ni blakiberi ya Himalaya, mmea wa miiba wenye matunda matamu ambao huota juu ya kila kitu na kuinyima miche mwanga. Kuukata juu tu ni kuupogoa. Kata fito kwa makasi marefu hadi zibaki kama urefu wa goti ili zikuongoze kwenye shina, kisha chimba kwa sururu hadi utoe kitako kizima cha mizizi, na ukitundike juu ya lundo la fito kikauke. Kikiguswa na udongo wenye unyevu kitachipua tena. Ncha za fito zinazogusa ardhi nazo hutoa mizizi, kwa hiyo zifuate hadi mwisho. Kazi kubwa ya kufyeka ifanyike kabla ya majira ya kuchipua, kwani kuanzia Machi ndege hujenga viota humo.

Notiwidi ya Kijapani ni hadithi nyingine, na hapa mwanzilishi anatakiwa kuweka panga chini. Kipande kidogo cha shina au mzizi wake kikisombwa na maji huota koloni jipya mahali pengine mto unakoelekea, na ndiyo maana kuufyeka ukingoni kunausambaza. Piga picha, weka alama, na uwaachie wenye leseni ya kutumia dawa, ambao huichoma ndani ya shina moja moja.

Hatua ya tano: panda

Panda kuanzia Novemba hadi Machi, wakati miti imelala na mvua ndiyo inayomwagilia. Kwenye ukingo wenyewe, mahali penye unyevu wa kudumu, tumia vipandikizi vya mierebi, vya dogwudi yenye matawi mekundu na vya mpopla mweusi, vilivyokatwa kutoka miti ya eneo hilohilo. Chagua tawi lenye afya lenye unene wa kati ya kidole gumba na mpini wa jembe, likate urefu wa sentimita 60 hadi 90, ncha ya chini mshazari na ya juu sawa. Mkato wa mshazari huingia ardhini kwa urahisi, na pia ni alama, maana kipandikizi kilichopinduliwa hakioti vizuri na katika lundo la fito mia ni rahisi kusahau upi ulikuwa upande wa juu. Vitumbukize vipandikizi kwenye ndoo ya maji kwa siku chache, toboa shimo kwa fimbo ya chuma, kisha visukume hadi theluthi mbili au robo tatu ya urefu iwe ardhini, ukiacha macho mawili au zaidi juu. Vikigoma, pigilia kwa nyundo ya mpira. Kaza udongo kwa kisigino hadi usibaki mfuko wa hewa.

Nyuma ya mstari huo, mbali kidogo na maji, panda miti ya kudumu: mwerezi mwekundu wa magharibi, msprusi wa Sitka na, penye ukavu, misonobari ya Douglas. Mierebi hutoa kivuli katika miaka michache, lakini mwerezi utakaoanguka mtoni karne ijayo ndio utakaotengeneza kidimbwi kirefu ambacho samaki mdogo atajificha. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya mizizi, itandaze mizizi ndani bila kuikunja, na hakikisha shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, iko sawa na uso wa ardhi. Miche inayotoka kitaluni bila udongo isiachwe mizizi wazi hata kwa muda wa kunywa chai. Ifunike kwa gunia bichi. Tandaza vipande vya mbao kuzunguka mche kwa kina cha sentimita 10, lakini usivigusishe na shina, maana litaoza.

Penye biva, yaani mnyama mguguna wa mtoni, zungushia kila mche wavu wa waya. Mnyama huyu huangusha mti mchanga kwa usiku mmoja, na bado nisingeshauri afukuzwe: mabwawa yake huhifadhi maji hadi kiangazi na ni miongoni mwa malezi bora ya koho wadogo. Mlinde mwerezi, mwachie mierebi.

Kinachoamua kama kazi yote hii ina maana ni palizi. Julai na Agosti mvua karibu hainyeshi Puget Sound, na mche wa mwaka wa kwanza hufa kwa kiu au kwa kusongwa na majani marefu. Kikundi kisicho na mpango wa palizi wa miaka mitatu hadi mitano kingefanya vyema zaidi kupunguza idadi ya miche, hata kama mfadhili anapenda kusikia hesabu kubwa.

Kuhusu magogo yaliyolala majini, maelezo ni mafupi. Kati ya miaka ya 1950 na 1970 idara za serikali ziliyaondoa mitoni kwa imani kwamba yanazuia samaki. Leo yanarudishwa kwa mitambo na wakati mwingine kwa helikopta, yakiwa yamekokotolewa na wahandisi. Kazi hiyo si ya watu wa kujitolea. Sehemu yako ni kutosafisha: tawi lililoanguka mtoni liache lilipo.

Hatua ya sita: mlango wa mto na ufukwe

Samoni wadogo, hasa wa Chinook na chamu, hukaa wiki au hata miezi kwenye mlango wa mto wakila, wakikua na kuuzoesha mwili chumvi. Sehemu kubwa ya maeneo hayo ilizungushiwa matuta na kukaushwa kwa ajili ya mashamba. Katika delta ya Nisqually, ndani ya hifadhi ambayo sasa ina jina la Billy Frank Jr., kiongozi wa Wanisqually aliyekamatwa mara nyingi kwa kutetea haki ya kuvua, tuta liliondolewa mwaka 2009 na maji ya bahari yakarudi kwenye ekari 762. Kwanza palionekana tope tupu, kwa sababu ardhi iliyokaushwa kwa zaidi ya karne moja hudidimia. Mimea ya chumvi hurudi kadiri mashapo yanavyopandisha ardhi.

Kwa hiyo utaratibu wa hapa ni kurudisha maji kwanza na kusubiri. Fungueni tuta, fuatilieni mifereji inavyojichimba, na msipande kitu hadi muone mbegu zinazoletwa na maji zimeota wapi. Msomaji aliyepanda mikoko katika pwani ya Kenya au Tanzania analijua jambo hili: mikoko iliyochomekwa kwenye tope lisilo na kimo kinachofaa husombwa, na ile iliyorudishiwa mkondo wake wa maji hujiotea yenyewe. Katika mto Elwha, ambako mabwawa mawili yalibomolewa kati ya 2011 na 2014, mchanga uliokuwa umenaswa ulishuka hadi baharini na kutengeneza ufukwe mpya mlangoni.

Kwenye fukwe, wa kuangaliwa ni samaki wadogo wanaoliwa na samoni, kama vile smelti, ambao hutaga sehemu ya juu ya ufukwe katika mchanga uliochanganyika na kokoto ndogo. Kuta za kuzuia mawimbi, ambazo zimefunika zaidi ya robo ya ukanda wa Puget Sound, huzika eneo hilo na kukata mchanga unaotoka kwenye miinuko. Upimaji huenda hivi: kwa kibali, chota mchanga kwenye mstari wa mita 30 ulio sambamba na maji, uchuje kwa chekecheo, kisha uzungushe ulichobaki nacho kwenye beseni la maji hadi vyepesi vije juu, sawa na mtu anayepepeta mchele kwenye ungo. Yai lina upana wa milimita moja tu na hushikamana na chembe za mchanga, kwa hiyo litafutwe kwa kioo cha kukuzia. Ukuta ukiondolewa, panda miti ya kuinamia ufukwe, kwani mayai yaliyo kwenye kivuli hayakauki upesi.

Aliyezoea kupwa na kujaa kwa pwani ya Afrika Mashariki ajihadhari: Puget Sound nayo ina kupwa mara mbili kwa siku, lakini kupwa moja huwa kubwa sana kuliko nyingine, na maji makubwa ya kupwa hutokea mchana wakati wa kiangazi na usiku wakati wa baridi. Kazi za nyasi bahari hupangwa kwa jedwali la kupwa na kujaa, Mei hadi Agosti. Usitie nanga wala kukanyaga penye nyasi hizo bila sababu, na ukiingia kwenye tope laini usisimame mahali pamoja. Maji yakianza kujaa hupanda kwa kimo kinachozidi mita 4 upande wa kusini wa ghuba.

Hatua ya saba: hesabu wanaorudi

Kuanzia Septemba hadi Januari, kutegemea aina ya samaki na mto, tembea ukingoni na miwani ya kupunguza mng'aro wa maji, ukiandika samoni walio hai, mizoga na viota. Kiota huonekana kama bakuli la changarawe safi, jeupe kuliko sakafu inayolizunguka, na kilima kidogo upande wa chini ambamo mayai yamezikwa. Kifungie alama kwenye mti wa karibu, na tangu siku hiyo hadi majira ya kuchipua asikanyage mtu mahali hapo.

Mzoga ukishauandika, ukate mkia ili usihesabiwe tena wiki ijayo. Angalia kama pezi dogo la mgongoni karibu na mkia lipo: likiwa limekatwa, samaki huyo alitoka kituo cha kutotolesha. Kama ni jike, mpasue tumbo uone mayai yamebaki kiasi gani, kwa sababu koho jike aliyekufa na mayai yote tumboni katika kijito cha mjini ni ushahidi kwamba maji ya barabara bado yanaingia, hata kama kingo zimestawi. Kisha mrudishe mahali ulipomkuta, maana wadudu wa majini, ndege na mizizi ya mierezi hulishwa na naitrojeni aliyoileta kutoka baharini.

Wakazi wa kando ya Duwamish wanaoshawishika kuvua humo wajue kwamba idara ya afya ya jimbo inaonya dhidi ya kula kaa, kombe na samaki wakaaji wa sehemu ya chini ya mto huo kwa sababu ya sumu za viwandani. Samoni, ambaye hupita tu, ndiye anayependekezwa, kwa kufuata msimu na leseni. Takwimu za uhesabu zipelekwe kwa msimamizi wa mto wiki hiyohiyo, pamoja na picha na kipimo cha joto la maji cha siku hiyo, na siku ambazo hukuona samaki hata mmoja ziandikwe pia.